Binti yangu kapangiwa JKT Mafinga, zimebaki siku 12

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata Kimanga. Binti yangu wa kwanza, mwenye miaka 19, amemaliza kidato cha sita mwezi huu wa Mei. Majina ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita, yametoka na yeye kapangiwa kambi ya Mafinga, Iringa. Zimebaki siku 12 aripoti.

Hofu yangu kubwa ni kifua. Ana pumu tangu mdogo. Siku hizi haimsumbui sana, mara ya mwisho kubanwa hadi tukamkimbiza hospitali ilikuwa Julai mwaka jana, ila akikimbia au kukiwa na baridi anakohoa usiku. Baba yake anasema akifika kule asitaje pumu kabisa, watamwona mzembe au watamrudisha na itakuwa aibu. Yeye mwenyewe alipita JKT kabla haijasitishwa mwaka 1994, anaamini mtoto atakomaa hukohuko.

Halafu kuna kijana wa jirani anadai ana mtu wake. Tukimpa laki tatu, binti atahamishiwa Ruvu ili awe karibu na sisi. Sijampa kitu, lakini nakiri nimeshawishika.

Mtoto huyu amesoma shule za kutwa tangu darasa la kwanza. Hajawahi kulala nje ya nyumbani zaidi ya wiki, tena kwa bibi yake. Nguo tunafua kwa mashine. Nimeshanunua masanduku mawili, katoni ya biskuti, blanketi, ndoo na pasi, na kila ninayemuuliza ananiongezea kitu kingine. Tangu aone jina lake amekuwa kimya. Anaamka saa mbili asubuhi, anashinda kitandani na simu. Baba yake anamtania kwamba atakiona cha moto.

Jingine, matokeo yatatoka akiwa kambini, na mkopo wa chuo unaombwa kipindi hichohicho. Nani atamjazia? Na je, tunaweza kwenda kumwona?

Mama wa Kimanga

JIBU

Mama, hongera kwa kumfikisha binti hapo, na pole kwa mashaka. Tunaanza na kifua, kwa sababu hilo ndilo lenye hatari ya kweli na ndilo linalohitaji siku zote 12 ulizonazo.

Tunamheshimu baba yake, lakini ushauri wa kuficha pumu usifuatwe. Mafinga iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai ndiyo miezi yake ya baridi. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kuruta (kijana aliye mafunzoni) huamshwa alfajiri na kukimbia mchakamchaka katika hewa hiyo. Mtu anapokimbia huvuta hewa nyingi kwa mdomo, na hewa baridi tena kavu hukausha njia za kupumulia. Kwa mwenye pumu, misuli inayozunguka njia hizo hujikaza na kifua kinabana. Mara nyingi kubanwa kwenyewe hakuji wakati wa mbio. Huja dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama. Afande aliyemwona anakimbia vizuri na wenzake, halafu anamwona ameinama anakohoa wakati wa mapumziko, atafikiri nini kama hana taarifa? Atadhani anakwepa zoezi linalofuata. Hapo ndipo kuficha kunapomdhuru mtoto: anasukumwa akimbie tena wakati alitakiwa kukaa na kuvuta dawa.

Angalia pia ulichoandika mwenyewe. Alibanwa Julai, msimu wa baridi, hapahapa Dar ambako baridi yenyewe ni ndogo. Na anakohoa usiku. Kikohozi cha usiku kwa mwenye pumu maana yake ugonjwa haujadhibitiwa, hata kama mchana anacheka na kula vizuri.

Basi kesho au keshokutwa mpelekeni kwa daktari. Amana mnayo jirani, au kliniki yoyote anakotibiwa siku zote na penye faili lake. Mwambieni daktari wazi kwamba anakwenda kwenye mafunzo ya miezi mitatu, sehemu ya baridi, atakimbia kila alfajiri. Muulizeni kama anahitaji inhela (dawa ya kuvuta kwa mdomo) ya kinga. Inhela hiyo huvutwa kila siku hata asipobanwa, na kazi yake huanza kuonekana vizuri baada ya wiki moja hadi mbili, ndiyo maana hatutaki mpoteze hata siku tatu. Kila baada ya kuivuta asukutue na kutema maji, la sivyo atapata utando mweupe wa fangasi mdomoni.

Ile ya pili, inhela ya kufungua kifua, ndiyo inayotumika kabla ya mazoezi. Utaratibu wa kawaida ni mvuto mmoja au miwili dakika 10 hadi 15 kabla ya kukimbia, na daktari atawaambia ipi inamfaa. Fanyeni hesabu sasa. Akivuta mara mbili kila asubuhi, siku sita kwa wiki, kwa wiki 13 ni mivuto 156. Chupa ya kawaida ina mivuto 200. Kwa hiyo chupa moja inakaribia kuishia kwenye mchakamchaka tu, kabla hajabanwa hata mara moja na kabla ya mazoezi ya jioni. Abebe mbili kwa uchache, tatu ni salama zaidi. Mpya ipulizwe hewani mara mbili tatu kwanza, maana mvuto wa mwanzo unaweza kutoka hewa tupu. Halafu mwambie avute mbele ya daktari au nesi, kwa sababu wengi wanakosea: anatoa pumzi yote, anabonyeza huku akianza kuvuta taratibu, anashikilia pumzi sekunde 10, anasubiri nusu dakika ndipo avute tena. Akivuta kwa haraka kama anayekunywa soda, dawa inaishia kooni.

Ombeni barua ya daktari yenye muhuri. Iandike ugonjwa, dawa na kipimo chake, tarehe aliyobanwa mara ya mwisho, na dalili za kumtoa mazoezini. Nakala tatu. Moja aikabidhi kwa wahudumu wa afya siku ya kwanza, kwenye vipimo ambavyo kuruta wote hufanyiwa wanapofika. Moja abaki nayo. Moja ikae kwako. Kama madaktari wa kambi wakiona hali yake haimruhusu, watasema wao, na kurudishwa kwa cheti cha daktari si aibu kwa familia yoyote. Kadi ya bima ya afya, kama anayo, iwe pamoja na barua.

Mkiwa hapo hospitali, pimeni na wingi wa damu na selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi). Wapo vijana wengi hapa nchini waliorithi selimundu upande mmoja wa wazazi na hawajawahi kuugua. Wakisukumwa kwa nguvu, hasa wakiwa na kiu na wako sehemu ya juu, wachache huanguka ghafla au misuli yao huharibika. Akikutwa nayo, nalo liandikwe kwenye barua. Kama damu ni pungufu, dawa ya madini ya chuma asiinywe na chai. Chai huzuia chuma kufyonzwa. Anywe na maji, ale na chungwa. Na ajue dalili moja ambayo wengi huidharau: mkojo ukitoka rangi ya kahawia iliyokoza baada ya siku ya mazoezi makali, aende zahanati ya kambi siku hiyohiyo, asingoje kesho.

Suala la laki tatu tunalijibu kwa ufupi. Usitoe. Kambi hupangwa na JKT yenyewe, majina hutangazwa na JKT, na hakuna ada ya kuhamishwa. Kijana huyo ama atakula hela bila kufanya lolote, ama anakuingiza kwenye rushwa, na kwenye rushwa anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113, haikatwi salio. Isitoshe Ruvu isingekupa unachokitafuta, kwa kuwa kuruta wa Ruvu harudi nyumbani Jumapili. Ukaribu ungekuwa wa kwenye ramani tu.

Sasa mwili. Siku 12 hazimjengi mkimbiaji, na msijaribu. Tunaona kila mwaka wazazi wanaowakurupusha watoto kukimbia kilomita tano siku ya kwanza. Mapafu huzoea mbio mapema, ila mifupa ya miguu na kano huchelewa. Matokeo yake mtoto anafika kambini na maumivu ya mifupa ya mbele ya miguu, anachechemea tangu wiki ya kwanza. Siku zenu zitumike kwa mambo mawili: kuzoesha nyayo viatu, na kurudisha saa ya kuamka.

Raba zinunuliwe leo. Tangazo la JKT husema za kijani au bluu. Aende dukani akiwa amevaa zile soksi ndefu nyeusi atakazotumia, na aende alasiri, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Asimame, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kisigino kisipande akitembea. Zile raba za turubai zenye soli nyembamba zipo tele Kariakoo na ni rahisi, lakini ukikunja soli ikajikunja katikati kama karatasi, iache. Ichukue inayojikunja pale vidole vinapoanzia. Pea mbili ni bora kuliko pea moja ya bei, maana moja ikiloa nyingine inavaliwa. Soksi sita.

Kuanzia kesho atembee haraka dakika 40 kila asubuhi akiwa na raba hizo na soksi hizo, siku tatu za mwanzo kutembea tu. Kuanzia siku ya nne mpaka ya saba aanze na dakika tano za kutembea, kisha akimbie dakika moja, atembee mbili, arudie mara nane; akizoea aende dakika mbili kwa moja. Kasi iwe ile ambayo anaweza kuimba huku anakimbia. Hili lina maana yake, kwa sababu mchakamchaka wa jeshini hukimbiwa kwa nyimbo, na anayeimba kwa sauti anapumua kwa mpango. Siku tatu za mwisho arudi kwenye kutembea. Avute inhela kabla, kama daktari alivyosema, ili mjue mapema kama inamtosha. Akikohoa bado, mrudi kwa daktari kabla hajapanda basi. Asiende peke yake gizani. Hapa ndipo pa baba. Mtu aliyepita JKT ana kitu cha kumpa binti yake kuliko utani: atoke naye asubuhi, amfundishe kusimama wima bila kuyumba dakika kumi, kugeuka kulia na kushoto bila kufikiri, kutandika kitanda pembe zikakaa sawa.

Lengelenge likitoka wakati huu ni jambo jema, limeonyesha pa kushughulikia. Dogo lifunikwe kwa plasta. Kubwa litobolewe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, maji yatoke, ngozi ya juu isichunwe. Kucha za miguu zikatwe moja kwa moja bila kuzungusha kwenye kona, vinginevyo zitaota kuingia nyamani ndani ya buti. Vidole vikaushwe vizuri kila baada ya kuoga. Fangasi wa vidoleni huanza na unyevu ulioachwa katikati.

Kuhusu usingizi, sasa anaamka saa mbili. Kule saa kumi alfajiri ni saa ya kawaida kuwa macho. Tofauti ni saa nne. Aamke nusu saa mapema kila siku na alale mapema vivyo hivyo. Kwa siku nane atakuwa amefika, na mnabakiwa na nne za kuzoea. Simu itoke chumbani saa tatu usiku. Atalalamika, vumilieni.

(Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tano anayesoma hapa: wewe una nafasi ambayo Mama wa Kimanga hana. Anzeni mazoezi wiki nane kabla ya mtihani, siku nne kwa wiki. Baada ya mtihani muda ni mfupi mno.)

Tukija kwenye begi, masanduku mawili yarudi dukani kama yanapokelewa. Hangani, yaani bwenini, nafasi ya kila mtu ni ndogo, na kutoka getini hadi hangani atabeba mwenyewe, pengine kwa kukimbia. Begi moja la kitambaa imara, na kufuli ndogo yenye funguo mbili. Moja avae shingoni, nyingine ashonewe ndani ya mfuko. Biskuti zibaki nyumbani. Chakula kambini kipo, na katoni begini huita panya na ugomvi. Pasi nayo ibaki. Blanketi moja jepesi aweke, kwa ajili ya baridi ya huko.

Vitu ambavyo JKT huvitaja kwenye tangazo lake ndivyo vya lazima, visomeni neno kwa neno. Bukta iwe ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, yenye mfuko mmoja nyuma, ifike magotini. Fulana ya kijani. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Traksuti ya kijani au bluu. Nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, na Mafinga ni mojawapo. Nyaraka za kuombea chuo. Nauli ya kwenda na kurudi. Msimu huu Kariakoo wanauza seti nzima zimefungwa pamoja. Msinunue bila kufungua. Makosa tunayoyaona ni bukta ya bluu ya bahari badala ya iliyokoza, bukta inayoishia katikati ya paja, na mshono wa katikati uliopitishwa uzi mara moja. Achuchumae kabisa dukani akiwa ameivaa juu ya nguo yake. Kisha mpelekee fundi hapo mtaani aurudie mshono huo mara mbili kwa uzi mzito. Bukta ikichanika wiki ya pili hana pa kununua nyingine.

Fikiria hanga zima lenye shuka za bluu bahari zinazofanana, zote zimeanikwa kwenye kamba moja siku moja. Chukua sindano na uzi mweupe, shona herufi za jina lake kwenye kona ya kila shuka, ukubwa wa sarafu. Fulana na bukta andika kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani ya ukosi na kiuno. Raba andika chini ya ulimi.

Sidiria za michezo zisipungue tatu, zenye kubana, arukeruke akizijaribu. Chupi za pamba nane. Pedi apige hesabu ya mizunguko mitatu na aongeze ya mmoja, maana si rahisi kutoka kwenda dukani. Mwambie pia kwamba kwa mazoezi mazito hedhi inaweza kuruka mwezi au kubadilika. Asikae na hofu peke yake, amwambie mhudumu wa afya. Sabuni ya kufulia ya mche, mafuta ya mgando kwa midomo na visigino kwa sababu baridi ya Mafinga hupasua ngozi, sindano na uzi, nyembe za kukatia kucha, tochi ndogo. Nywele afumue na kunyoa fupi huku nyumbani, kwa kinyozi anayemjua, akiwa na wewe. Kunyolewa kwa mara ya kwanza mbele ya wageni kumewatoa machozi mabinti wengi ambao mbio hazikuwatoa.

Mashine ya kufulia iwekwe kando kuanzia leo. Afue mwenyewe kwa nusu ndoo ya maji, suuza kwa nusu nyingine. Aoge kwa lita tano, asizidishe dakika tano. Ale anachopewa, ugali na maharage, amalize kwa dakika kumi. Usimwonee huruma hapo; kila kitu atakachokiweza kabla ya kuondoka kitampunguzia kelele moja.

Makaratasi sasa, na hapa tafadhali usome taratibu, kwa kuwa kosa la makaratasi linaweza kumgharimu mwaka mzima wa chuo. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, na maombi ya vyuo na ya Bodi ya Mikopo huwa wazi akiwa bado yuko kambini. Jipangeni kana kwamba hatakuwa na simu kabisa. Kwa hiyo laini yake ya simu asiende nayo. Ibaki kwako, iwe na salio, iwe hewani kila siku, kwa sababu ujumbe wa akaunti zake huja kwenye namba hiyo, na mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo anachokitaka, tena kwa siku chache tu. Tumeona vijana waliopoteza nafasi kwa sababu laini ilikuwa imezimwa ndani ya begi. Barua pepe na maneno ya siri yaandikwe kwenye daftari, mjaribu kuyafungua pamoja kabla hajaondoka.

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, sasa hivi kwa njia ya mtandao, maana Bodi hukihitaji kikiwa kimehakikiwa, na foleni ya maombi hujaa dirisha likishafunguliwa. Jina kwenye cheti, kwenye vyeti vya shule na kwenye namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) lilingane herufi kwa herufi. Likitofautiana hata kwa herufi moja, anzeni kushughulikia kesho. Apige picha ya pasipoti kabla ya kunyoa, mhifadhi kwenye simu yako. Mdhamini awe ameshapatikana, na kitambulisho chake na picha yake viko kwenye bahasha moja. Kila cheti kipigwe picha safi na nakala zibaki kwako, kisha vyeti vyenyewe aende navyo kwenye mfuko wa plastiki, kama tangazo linavyotaka. Kaeni naye jioni moja aandike vyuo na kozi anazozitaka kwa mpangilio wake, wa kwanza hadi wa tano, na mbadala kama alama zitapungua. Maombi ya chuo unaweza kuyatuma wewe kwa orodha hiyo. Fomu ya mkopo ina sehemu za sahihi yake, ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa na wa hakimu au wakili. Zile zinazomhusu mdhamini na mtaa ni zako. Sahihi yake usimsainie. Maofisa wa Bodi wamekuwa wakifika kambini kuwasaidia vijana, hivyo mwambie aulize tangu wiki za mwanzo lini wanakuja, na awe na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne kichwani.

Namba zako na za baba yake nazo azikariri. Watoto wa siku hizi hawajui namba yoyote, zote ziko kwenye simu. Aziandike pia kwenye karatasi ndani ya begi.

Safari ni kama kilomita 570 kwa barabara ya Morogoro, Mikumi na Iringa. Mabasi ya Njombe, Songea na Mbeya hupita Mafinga, yanaanzia kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Kateni tiketi mapema ya basi la alfajiri, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho, ili hata basi likiharibika njiani hajachelewa. Ulizeni shuleni kwake nani wengine wamepangiwa huko, wasafiri pamoja. Hela aende nayo kidogo ya matumizi. Nauli ya kurudi iwe kwenye bahasha yake, imeshonewa kwenye bitana ya begi, asiiguse. Msindikizeni hadi Mbezi. Hadi getini hapana haja, kwa maana kuagana mbele ya wenzake kutamwia vigumu zaidi.

Ule ukimya wake usiuchukulie kuwa ukaidi. Kaa naye, muulize ni kitu gani kimoja anachokiogopa kuliko vyote. Ukimpa nafasi atakutajia kitu cha kushikika: vyoo, kufokewa, kuachwa nyuma kwenye mbio, kubanwa kifua usiku bila mtu wa kumwamsha. Kila kimoja kina jibu. Kufokewa ni sehemu ya mafunzo, humfikia kila mtu, hakuna chuki ndani yake. Mmoja akikosea platuni nzima huweza kuadhibiwa. Asilie kwamba ameonewa yeye. Kifua, amwambie jirani wa kitanda chake inhela inakaa wapi tangu usiku wa kwanza. Na baba aache utani kwa siku hizi zilizobaki.

Lipo jambo ambalo wazazi wengi huona haya kulisema, liseme wewe. Amri ya mafunzo hutolewa mbele ya wenzake. Mtu yeyote, awe na cheo gani, akimwita peke yake usiku au mahali pa faragha kwa jambo lisilo la mafunzo, asiende bila mwenzake, na alifikishe kwa afande wa kike au kwa mkuu wa kambi mapema. Mhakikishie kwamba nyumbani ataaminiwa.

Wiki mbili za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Akipata simu ya kuazima atapiga, na huenda akalia. Usimwahidi kuja kumchukua. Muulize anakula, analala, na nini kinamuuma. Kama ni miguu na uchovu, msikilize mpaka amalize. Kama ni kifua, muulize inhela ya kufungua anaivuta mara ngapi nje ya ile ya kabla ya mazoezi. Ikizidi mara mbili kwa wiki, aende zahanati ya kambi na barua yake siku hiyo, na wewe umpigie daktari wake.

Kutembelea katikati ya mafunzo msikupangie. Wazazi hukaribishwa kwenye gwaride la kufunga mafunzo, na tarehe yake hujulikana karibu na mwisho, kwa hiyo tiketi msikate mapema. Mkienda, mbebeeni sweta safi na viatu vya wazi. Miguu yake itahitaji kupumua njia nzima ya kurudi.